Kipande cha Ukuta Kati ya Milango Miwili: Kisa cha Nyumba Moja ya Dodoma ya Zamani

Simu iliingia Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Aliyepiga ni binti wa mwenye nyumba, na hakuwa na salamu ndefu. "Kaka, hivi ukuta ukilia ina maana gani?"

Nikamuuliza unaliaje. Akasema usiku walisikia sauti kama ya mtu anayevunja kuni kavu, mara tatu hivi, na kulipokucha wakakuta vumbi jekundu limemwagika sakafuni chini ya lenta mpya, ile boriti ya juu ya uwazi wa mlango. Nikamwambia awatoe watu wote upande wa mbele, mtu asifungue wala kufunga mlango wowote, nami nakuja. Nilifika saa mbili kasoro. Aliyenipokea ni fundi mwenyewe, kasimama barabarani, sururu mkononi, akiuangalia ukuta kama mtu anayemwangalia ng'ombe aliyelala akakataa kuinuka.

Familia imeniruhusu nikieleze kisa hiki kwa sharti la kutotaja mtaa wala majina yao. Itoshe kusema ni ile Dodoma ya zamani, kati ya stesheni na soko, kule ambako majina ya maeneo yenyewe yanakwambia nani alikaa na alifanya nini: Uhindini, Madukani, Jamatini.

Nyumba ilivyokuwa

Mji huu ni mtoto wa reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo biashara ya bara ilipita kwa miguu, na vituo vikubwa vya upande huu vilikuwa Mpwapwa na Kilimatinde. Treni ilipoanza kusimama Dodoma, wenye maduka wakaifuata. Nyumba walizojenga zilikuwa za aina moja, na ukiishaiona moja umeziona karibu zote: duka mbele, familia nyuma, ua katikati, na baraza refu linaloitenganisha nyumba na barabara.

Kwa hiyo tunaposema nyumba za zamani za mjini "zinageuzwa kuwa maduka", kwa Dodoma maneno hayo yana kasoro. Nyingi zilizaliwa maduka. Hii nayo ilizaliwa duka, ikaja kuwa makazi matupu baada ya mwenye nayo wa kwanza kuuza na kuondoka, ikakaa hivyo zaidi ya miaka thelathini, na sasa warithi walitaka irudi kuwa duka. Mwaka 1971, Serikali ilipochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, hii ilipita kwenye tundu la chujio. Ilikuwa nyumba ya chini tu, tena mwenye nayo alikaa humo humo. Nyumba mbili za jirani zilichukuliwa, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa pamoja na mali nyingine zote za Msajili.

Uso wake una mita 13. Una milango minne, kila mmoja mita moja na nusu, ya mbao ngumu, ile ya kukunja mapande manne. Kati ya mlango na mlango kuna kipande cha ukuta cha mita 1.4, na mwisho wa kila upande kipande kingine kama hicho. Msingi ni mawe ya milima yetu hii ya matale. Ukuta ni matofali ya kuchoma, unene sentimita 45, na kilichoyashika matofali hayo ni udongo. Saruji haimo. Juu yake ilipigwa lipu ya chokaa, ndani na nje. Paa ni bati, limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu ya baraza ili nyumba ionekane ndefu kuliko ilivyo. Ujanja wa wenye maduka wa dunia nzima, huo.

Sasa angalia juu ya milango. Hakuna lenta. Kuna tao, ila si lile la msikitini lenye mgongo. Hili limelala karibu bapa, matofali yamesimamishwa wima, yamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. Tao la namna hii halibebi uzito kwa kulala kama gogo. Linaubeba kwa kusukuma pembeni. Tao la mlango wa kwanza linakisukuma kipande cha ukuta kuelekea mlango wa pili, na tao la mlango wa pili linakisukuma kipande hicho hicho kukirudisha. Nguvu mbili, kipande kimoja, kimya cha miaka themanini. Ukilitoa tao moja, kipande kinabaki kinasukumwa na upande mmoja tu.

Kilichofanyika

Mpango wa awali ulikuwa rahisi kwenye karatasi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kweli kweli mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, fremu (vyumba vya duka vya kupangisha) za katikati ya mji zimekuwa kama visima. Mama mwenye nyumba, mjane wa umri wa miaka sabini na kitu, alishafuatwa na madalali watatu. Mmoja akamchorea nyuma ya bahasha: mita 13 gawanya kwa tano, fremu tano za mita 2.6, vioo na alumini uso mzima, marumaru, dari la jipsam, kila fremu na mita yake ya LUKU. Vile vipande vya ukuta kati ya milango, kwenye hesabu ya dalali, vilikuwa nafasi inayopotea.

Walianzia katikati. Fundi alivunja kipande kilichokuwa kati ya mlango wa pili na wa tatu, pamoja na matao yao mawili, akapata uwazi wa mita 4.4. Wakati wa kuvunja aliweka mirunda sita chini ya kenchi za paa. Ukuta wenyewe, ule ulioning'inia juu ya milango, haukushikwa na kitu. Akamwaga lenta ya zege yenye kina cha sentimita 20, nondo nne, na kila ncha akaikalisha sentimita 10 juu ya tofali za udongo. Siku ya tano akatoa mbao. Usiku wa siku ya sita ukuta ukalia.

Nilipiga hesabu pale pale, kwa kalamu, juu ya boksi la marumaru. Ukuta uliobaki juu ya lenta: urefu mita 4.4, kimo mita 1.6, unene mita 0.45. Hizo ni mita za ujazo tatu na kidogo, na matofali kama yale hayapungui sana tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo. Karibu tani sita, paa halijahesabiwa. Boriti ya kubeba mzigo huo kwa upana ule ingetakiwa iwe na kina cha sentimita 40 hivi, ikae kwenye kitako cha zege kila upande, na iachwe kwenye mbao wiki mbili hadi tatu ikimwagiliwa maji asubuhi na jioni. Upepo wa Dodoma unakausha zege kabla halijashika. Kila fundi wa hapa anajua, na karibu kila fundi huwa na haraka.

Ila lenta haikuwa ugonjwa mkubwa. Nilipoteremsha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kwenye kipande cha ukuta kati ya mlango wa kwanza na wa pili, kilikuwa kimeinamia kwenye uwazi kwa milimita 18. Cha upande wa pili, milimita 11. Tao la mlango wa kwanza lilikuwa limefunguka katikati, ufa wa kuingiza sarafu. Yaani nyumba ilikuwa inafunguka kutokea ubavuni, mbali na pale ilipovunjwa. Kama fundi angeendelea na kipande cha pili siku ile, kama alivyopanga, sidhani ningeandika kuhusu ufa.

Fundi hakuwa mjinga

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu rahisi kuliko yote ni kumtupia fundi lawama na kwenda zetu.

Tulipomaliza kuondoa watu na kuvuta utepe, nilimsalimia upya kwa Kigogo changu cha kuombaomba, "Mbukwa," naye akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Tukakaa barazani kwa jirani. Akaniambia, "Injinia, mimi nimesimamisha ghorofa Ilazo, nimesimamisha Njedengwa. Sijawahi kuona ukuta ukanifanyia hivi." (Mimi si injinia, ni fundi sanifu. Lakini mjini hapa kila anayetembea na tepu ni injinia.)

Alikuwa anasema kweli. Ghorofa alizosimamisha zinabebwa na nguzo za zege na boriti zake. Ukuta wa bloku unakuja mwishoni kuziba upenyo tu. Ukitaka mlango upanuke, unavunja bloku, nguzo hazina habari. Na kabla ya ghorofa, amekulia kijijini upande wa Bahi, kwenye tembe. Tembe nayo, kwa tabia, ni ndugu wa ghorofa. Nguzo zenye panda zinachimbiwa ardhini, juu yake magogo, juu ya magogo fito, na juu kabisa udongo. Ukuta wa fito na udongo unasukwa pembeni baadaye. Unaweza kubomoa ukuta wa tembe ukaujenga upya paa likiwa limetulia juu yako.

Kwa hiyo mtu huyu, tangu utoto mpaka leo, amejifunza mara mbili kwamba ukuta ni pazia. Shule zote mbili zilimfundisha vizuri. Nyumba hii iko katikati ya shule hizo mbili na haifuati hata moja: haina nguzo popote. Ukuta ndio nguzo, na ule ulio kati ya milango ndio nguzo kuliko mwingine wote. Hakuna aliyemwambia, na ukutani hakuna kinachomwonyesha, maana lipu nyeupe ya chokaa na lipu nyeupe ya saruji kwa mbali ni nyeupe ile ile.

Ninayemlaumu ni dalali, lakini yeye hajashika sururu na simu yake ilikuwa haipatikani.

Niseme neno moja kuhusu sheria, maana nimeulizwa sana baada ya kisa hiki: hivi nyumba kama hizi hazilindwi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mji uliozaliwa na reli hauna nyumba ya umri huo hata ya dawa. Jengo la baadaye linaweza kulindwa likitangazwa, na hili halijatangazwa. Kilichobaki ni kibali cha jiji, na kibali kilichokuwa kwenye faili ya mama kiliandikwa "ukarabati mdogo". Kuvunja uso wa nyumba si ukarabati mdogo. Hilo halihitaji mwanasheria.

Kuirudisha

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya jua kukaza, tulitoboa ukuta juu ya lenta sehemu nne. Kila tundu tukapitisha chuma kinene kutoka ndani hadi nje, na kila ncha ya chuma ikasimamishiwa jeki ya nguzo, ile ya kuzungusha. Chini ya jeki tuliweka mbao pana za mninga, kwa sababu sakafu ya zamani ni ganda jembamba la saruji juu ya udongo ulioshindiliwa na ingetoboka. Ndani ya uwazi wa mlango wa kwanza tukabana mbao kulia na kushoto ili kipande kilichoinama kisiendelee. Ilipofika saa tisa alasiri ukuta ulikuwa umeshikwa. Mama akaleta chai na mihogo, akasema, "Haya wanangu, sasa umenyamaza." Kisha akauliza gharama. Nikamwambia tungoje Jumatatu.

Jumatatu tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuondoa lenta ile dhaifu, kuweka vyuma viwili vya umbo la I sambamba, kuvikalisha kwenye vitako vya zege, na kufunga fremu ya chuma ubavuni ichukue ule msukumo wa matao. Uwazi wa mita 4.4 ungebaki. Inawezekana, inafanywa kila siku mijini, na ni ghali. Ya pili, kukirudisha kipande kilichovunjwa.

Nilipendekeza ya pili, na sababu yangu kubwa haikuwa mapenzi ya vitu vya kale. Dodoma iko kwenye tawi la Bonde la Ufa. Ardhi hutikisika, mara nyingi kidogo, mara chache si kidogo. Ukuta wa tofali na udongo wenye uwazi mpana katikati na chuma kigumu juu yake, ukitikiswa, chuma kitakwenda kwa mwendo wake na tofali kwa mwendo wake. Sikutaka kuwa nimetia sahihi hapo.

Bahati ilikuwa uani. Fundi alikuwa amepanga vizuri tofali zote alizovunja, zaidi ya mia saba nzima, maana alikusudia kuzijengea choo. Msingi wa mawe wa kile kipande ulikuwa haujaguswa. Tukajenga kwa tofali zile zile, kwa chokaa na mchanga, na saruji kidogo tu ya kuharakisha. Sikumruhusu fundi kupandisha zaidi ya mistari sita kwa siku. Alilalamika siku mbili, siku ya tatu akaanza kuwafokea vijana wake waliotaka kupandisha saba. Matao mawili tuliyapiga juu ya kalibu za mbao, tofali moja moja kutoka pembeni kuja katikati, na lile la mwisho, la katikati kabisa, aliligonga yeye kwa nyundo ya mbao. Pengo jembamba lililobaki kati ya kazi mpya na ukuta wa zamani lilijazwa mchanganyiko mkavu, ukishindiliwa kwa kipande cha ubao mpaka ulipogoma. Ndipo jeki zikashushwa, robo mzunguko kwa siku.

Kile kipande kilichoinama hatukukinyoosha. Milimita 18 imebaki na itabaki. Kinachotakiwa ni isiwe 19.

Lipu

Kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuwa la siku ile. Miaka kadhaa nyuma vyumba vya mbele vilipigwa lipu ya saruji mpaka kimo cha kifua, juu ya ile ya chokaa, "ili unyevu uishe". Unyevu haukuisha. Ulipanda. Nilikuta mstari wa chumvi nyeupe kimo cha mita 1.6, na ukikwaruza kwa ukucha lipu inaanguka kama ukoko wa ubwabwa.

Nyumba hizi hazina kizuia unyevu chini ya ukuta. Maji ya ardhini yanapanda kwenye tofali kidogo kidogo, na zamani yalitoka kupitia chokaa, yakakauka hewani, mtu hajui. Saruji ikaziba njia. Maji yakatafuta mahali pa kutokea juu zaidi, na chumvi yake ikaenda nayo. Na chumvi ya maji ya Dodoma, kila mwenye birika anaijua.

Tulibandua saruji yote. Ukuta ukaachwa uchi wiki saba. Hapo ndipo tuligombana na kila mtu, maana wapangaji walikuwa wanangoja na fedha ya jengo inalia. Kisha lipu ya chokaa, mchanga vipimo vitatu kwa chokaa kipimo kimoja, na juu yake chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta nilikataa. Mpangaji mmoja aliipaka hata hivyo, usiku, ya zambarau. Tutaona.

Baraza nalo lilikuwa kwenye orodha ya kuzibwa ili fremu ziongezeke mita moja na robo. Lilinusurika kwa hoja fupi: uso wa nyumba unatazama magharibi. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Mkiziba hapa, saa tisa mtauza nini humo ndani, mikate?" Sikuwa na la kuongeza, ingawa ningeweza kusema pia kwamba baraza ndilo linalozuia mvua ya Januari isipige miguu ya ukuta wa udongo.

Fremu zimepatikana wapi

Swali la warithi lilikuwa halali: tumerudisha ukuta, tumebakiza baraza, tumekula wiki tisa. Fremu tano ziko wapi?

Nyumba ina uso wa mita 13, lakini kwenda ndani ina mita 27. Dalali alihesabu uso tu. Nyuma ya vyumba vya duka kuna ukumbi, na nyuma ya ukumbi ua, umezungukwa na stoo za zamani pande mbili, jiko la kuni upande wa tatu, na mwarobaini katikati. Stoo hizo ndizo zilizokuwa zikitunza karanga na ngozi enzi za duka la kwanza. Kila moja ina mlango wake, ukuta wake mnene na ubaridi wake.

Mlango wa tatu wa mbele tukaufanya njia. Anayeingia hapo anapita ukumbini, anatokea uani. Milango mitatu iliyobaki ni fremu tatu, kila moja na mlango wake wa zamani wa kukunja. Asubuhi unafunguliwa wote, na mita moja na nusu ya uwazi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bidhaa zinatoka zenyewe barazani. Uani, stoo zimekuwa fremu nne ndogo. Dari la jipsam hatukuliweka popote: kimo cha mita nne na vile vitundu vya hewa chini ya paa ndivyo vinavyoondoa joto la bati, na kuvifunika ni kununua feni.

Hesabu ikawa hivi. Fremu ya uani hupangishwa kwa nusu ya bei ya mbele. Tatu za mbele na nne za nusu ni sawa na tano. Ni zile zile tano za bahasha. Nilipowaonyesha, mtoto wa kiume wa familia aliikagua karatasi mara mbili akitafuta mahali nilipoiba.

Kwenye uhalisia haikukaa sawa hivyo. Dada aliyekuwa amelipa kodi ya miezi sita kwa ajili ya ule uwazi mpana wa katikati, auze mapazia, alidai kirudi alichoahidiwa, na hakikuweza kurudi. Alirejeshewa fedha yake yote, na fundi akakatwa sehemu kwenye malipo yake. Kwa maoni yangu dalali ndiye angekatwa. Fremu moja ya uani, ile iliyokuwa karibu na jiko, ilikaa tupu mpaka kifuku, msimu wa mvua, kikaisha kwa sababu inanuka moshi wa miaka sitini na hakuna chokaa iliyoweza kuuondoa. Sasa ameingia mchoma mishikaki. Nyingine tatu zina fundi cherehani, mtu wa steshenari, na mama anayesuka nywele chini ya mwarobaini zaidi kuliko ndani. Kuna mmoja wa wapangaji wa mbele alitaka kuwauzia wengine kilemba, yaani haki ya kushika fremu yake, kabla hata hajamaliza mwezi. Mama alimwita akaongea naye, na sijui alimwambia nini.

Kuna mbao za mlango mmoja hazikurudi. Fundi alikiri kwamba vijana waliuza mapande mawili ya mlango wa pili siku ya kwanza ya kuvunja. Tuliyafuatilia mpaka Chang'ombe, ya hapa hapa Dodoma: yamekuwa meza ya chipsi, yamekatwa katikati, yana tundu la karai. Mlango wa pili una mapande mawili ya zamani na mawili mapya ya mninga, na tofauti ya rangi inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Juu ya mlango wa kwanza, pale tao lilipofunguka, niliziba ufa kwa chokaa, kisha nikabandika kipande cha kioo chembamba, urefu wa kidole, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande ule, nikaandika tarehe kwa penseli. Ukuta ukisogea hata kidogo kioo kitakatika kabla jicho halijaona kitu. Kimeshapita kifuku kimoja kizima bila kukatika.

Mwezi uliopita mwenye fremu ile, kijana wa kava za simu na chaja, alinipigia. Anaomba akitoe. Anasema wateja wakiingia wanainua macho, wanakiona, wanauliza kama nyumba inaanguka, na wengine wanaondoka bila kununua. Nikamuuliza kama kimekatika. Akasema bado. Nikamwambia akiache hadi mvua za mwaka huu nazo ziishe, na asitundike kitu hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tayari ametundika earphone.